Farasi Wangapi Wanatosha? Kuchagua Nguvu ya Mashine Kabla ya Kununua

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama wa BMU, wamiliki wa vyombo na vijana wanaofanya biashara ya utalii baharini. Yanachapishwa hapa ili yawafikie na wakazi wengine wanaopanga kununua mashine ya boti.



Swali la kwanza la mtu anayetaka kununua mashine ya boti huwa ni bei. La pili huwa ni nguvu, na hilo hujibiwa haraka sana. Mmoja atamwambia, "Nunua kubwa, utanishukuru baadaye." Mwingine atamwambia, "Chukua ndogo, haili mafuta." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kumtia mtu hasarani, kwa sababu hakuna aliyeuliza mashine hiyo inakwenda kufungwa kwenye chombo gani, chombo hicho kinabeba nini, na kinarudi kutoka wapi.

Wala hasara hiyo si ya mwenye chombo peke yake. Katika vyombo vingi vya pwani, samaki wakishauzwa, gharama ya petroli na barafu hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha na la mabaharia. Mashine isiyolingana na chombo hulipiwa kila siku na watu ambao hawakuwepo dukani ilipochaguliwa. Na siku bahari ikichafuka, ni hao hao walio ndani.

Tuanzie kwenye namba yenyewe, ile ambayo karatasi za dukani huandika HP. Nguvu ya farasi ni kipimo kilichoenezwa na mhandisi Mskoti James Watt katika karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wateja wake kwamba injini yake ya mvuke inafanya kazi ya farasi kadhaa. Farasi mmoja ni takriban wati 746. Kwa hiyo mashine ya farasi 15 ni kilowati 11 na kidogo, na ya farasi 40 ni karibu kilowati 30. Namba hiyo inaeleza nguvu ambayo mashine inaweza kutoa ikifunguliwa yote. Haielezi boti itakwenda kasi gani. Umbo la chombo na uzito wake vina usemi mkubwa zaidi kuliko namba iliyobandikwa kwenye kifuniko.

Vyombo vya baharini, kwa jambo hili, ni vya aina mbili. Kuna chombo kinachopasua maji, na kuna chombo kinachopanda juu ya maji. Mashua, dau na vyombo vingi vya mbao vyenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu ni vya aina ya kwanza. Chombo cha namna hiyo kinapokwenda husukuma wimbi mbele na kuvuta jingine nyuma, na kadiri kinavyoongeza mwendo ndivyo mawimbi hayo mawili yanavyoachana, hadi chombo chenyewe kinakaa bondeni katikati yake. Hapo ndipo mwisho wake. Nguvu ikiongezwa, tezi inazama, omo inainuka, maji yanachemka nyuma, na mwendo unabaki ule ule au unaongezeka kidogo mno.

Mwisho huo unaweza kukadiriwa hata kabla ya kwenda dukani. Hupimwa urefu wa chombo kwa futi pale kinapogusa maji, hutafutwa kipeuo chake cha pili, kisha huzidishwa kwa 1.34. Jibu linakuja kwa noti, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani takriban kilomita 1.85. Mashua inayogusa maji kwa futi 25 ina kipeuo cha 5, na 5 mara 1.34 ni noti 6.7. Ya futi 36 ni noti 8. Fundi aliyeijenga mashua hiyo alishaamua kasi yake siku alipopanga mataruma, na hakuna mashine ya dukani inayoweza kumbishia sana.

Sasa hesabu ya pesa. Kanuni ya kukadiria ni kwamba mashine ya petroli ikifunguliwa yote hutumia karibu lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Zile za kisasa zenye oili yake ndani kama gari hutumia pungufu kidogo, na zile za kuchanganya oili na petroli hutumia zaidi kidogo. Kwa hiyo farasi 15 ni karibu lita 6 kwa saa, na farasi 40 ni karibu lita 16.

Ichukuliwe mashua hiyo ya futi 25, ikienda kuvua maili 8 za baharini kutoka nyumbani. Kwa mashine ya farasi 15 itakwenda karibu noti 6. Kwenda na kurudi ni saa mbili na dakika 40, na petroli ni lita 16. Mwenye pesa akaifunga mashine ya 40 na kuifungua yote. Mashua inafika noti 7, basi. Kwenda na kurudi ni saa mbili na dakika 17 hivi, na petroli ni karibu lita 36. Ameokoa dakika 23 na kuchoma lita 20 zaidi. Petroli ikihesabiwa shilingi 200 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, hizo ni shilingi 4,000 kwa safari moja. Kwa safari 20 za mwezi ni shilingi 80,000. Pesa hiyo inatoka kwenye fungu la mabaharia kabla mtu hajaona hata mkia wa samaki.

Mwenye mashine kubwa atajibu kwamba halazimiki kuifungua yote. Ni kweli. Akiiendesha taratibu kwa noti 6, matumizi yake yatashuka na kukaribia yale ya mashine ndogo. Lakini bei kubwa ameshailipa, uzito ameshaubeba, na mashine ya kuchanganya oili ikiendeshwa taratibu kila siku huchafua plagi. Kisha yupo kijana anayeshika usukani akiwa na haraka ya kurudi. Mwenye chombo yuko nyumbani, hajui mkono wa mafuta umefunguliwa hadi wapi. Anaona tangi tupu.

Kwa hiyo mashua ya mbao inahitaji mashine ya wastani, na mtu akiishia hapo ataondoka na nusu ya habari. Maana ipo ile aina ya pili.

Boti ya fiba yenye tumbo bapa au la kona kuelekea tezi imejengwa ipande juu ya maji. Ikipata nguvu ya kutosha inalivuka wimbi lake yenyewe, inalala sawa na kuteleza. Kabla ya kufika hapo inakwenda omo juu, tezi chini, na huo ndio mwendo wa gharama kuliko yote, kwa sababu mashine inasukuma mlima wa maji. Mtu aliyemfungia boti ya namna hii mashine ndogo ili "aokoe mafuta" amejifunga katika mwendo huo kila siku.

Kanuni ya mkono hapa ni uzito. Ili boti ipande, kila farasi mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 25 hivi. Boti ya kilo 500, mashine ya kilo 75, watu watatu wa jumla ya kilo 210, na petroli, barafu, nyavu na nanga za kilo 150, jumla ni kilo 935. Ukigawa kwa 25 ni farasi 37. Mashine ya 40 itaipandisha. Ya 15 haitaipandisha hata ikilia kutwa.

Safari ile ile ya maili 8 ikifanywa na boti hii kwa mashine ya 15 iliyofunguliwa yote, itajikokota kwa noti 7 hivi, saa mbili na robo kwenda na kurudi, karibu lita 14. Kwa mashine ya 40 iliyoshikwa robo tatu, boti ikiteleza kwa noti 16, safari nzima ni saa moja na petroli ni karibu lita 12. Mashine kubwa imetumia petroli kidogo kuliko ndogo, na samaki wamefika ufuoni saa nzima mapema, barafu ikiwa bado haijayeyuka. Mama karanga anayengoja Gazi au Msambweni anajua saa hiyo moja ina thamani gani kwenye bei.

Ndiyo maana ushauri wa jirani haufai kununuliwa mzima mzima. Jirani mwenye fiba anasifia mashine ya 40, na anasema kweli juu ya chombo chake. Mwenye mashua akimwiga anaumia.

Kuna kosa moja katika hesabu ya uzito linalojitokeza sana, nalo ni kupima boti inapoondoka. Asubuhi boti ni nyepesi. Jioni ina kilo 300 za samaki na nyavu zilizolowa. Ile boti ya kilo 935 imekuwa na kilo 1,235, na kwa kanuni ile ile inadai farasi 49. Mashine ya 40 iliyoteleza vizuri wakati wa kwenda sasa inashindwa kupanda, na nahodha anarudi omo juu akichoma lita 16 kwa saa huku alikuwa amebeba petroli ya kuteleza. Uzito wa kuhesabu ni wa kurudi, siku ya neema. Ikiwa mashine ya nguvu hiyo haipatikani au haiwezekani, basi petroli ibebwe ya safari ya polepole.

Na kurudi kuna mambo yake mengine. Mkondo mkuu wa pwani hii huelekea kaskazini, na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huenda kwa nguvu zaidi, upepo nao ukivuma kutoka upande wa kusini. Mvuvi wa Shimoni au Vanga aliyekwenda kutega kaskazini ya nyumbani ana safari rahisi ya kwenda na safari ngumu ya kurudi. Mkondo ukiwa wa noti 2, mashua ya noti 6 inasonga kwa noti 4 tu ikilinganishwa na ardhi. Maili 8 zilizokuwa dakika 80 sasa ni saa mbili, na upepo wa mbele haujahesabiwa. Mashua hiyo hiyo ingefungwa mashine ya farasi 8, ikawa na mwendo wa noti 4 na nusu, ingebaki na noti 2 na nusu za kusonga mbele. Hiyo ni zaidi ya saa tatu. Giza linaingia, petroli inakwisha, na hakuna aliyefanya jambo lolote la ajabu siku hiyo isipokuwa kununua mashine iliyotosha maji ya utulivu.

Mlango wa mwamba ni mtihani mwingine. Maji yakipwa kwa kasi wakati wa bamvua, yakitoka mlangoni na kukutana na mawimbi ya bahari kuu, mawimbi husimama na kuwa mafupi. Pwani hii maji hupanda na kushuka hadi takriban mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo wingi wa maji yanayopita mlangoni ni mkubwa. Wanaovuka kati ya Shimoni na Wasini wanajua mkondo wa pale unavyoweza kubadilika ndani ya saa chache. Katika mahali kama hapo nahodha anahitaji mwendo wa kukaa mgongoni mwa wimbi na nguvu ya kugeuza omo kwa haraka. Mashine ambayo tayari imefunguliwa yote haina cha kuongeza.

Kwa sababu hiyo, kipimo kizuri cha kuchagulia ni hiki: kazi ya kila siku, kwa mzigo wa kila siku, ifanyike mkono wa mafuta ukiwa robo tatu. Robo iliyobaki ni ya mlangoni na ya upepo wa kurudi. Mashua iliyotajwa ikihitaji farasi 10 au 11 kwenda kwa raha, basi mashine ya 15 ndiyo yake, na kwa mtu anayevuka mlango mbaya msimu wa kusi hata 25 inaweza kutetewa. Arobaini kwenye chombo hicho haina utetezi. Na petroli igawanywe kwa mafungu matatu kama wanavyofanya manahodha waangalifu, fungu moja la kwenda, moja la kurudi, na moja lisiloguswa. Tanga na makasia yasiachwe nyumbani eti kwa sababu chombo sasa kina mashine.

Baada ya kuamua namba, bado mashine yenyewe inaweza kukataa chombo. Mashine ya farasi 15 ya kuchanganya oili ina uzito wa chini ya kilo 40, na mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuibeba begani hadi nyumbani. Ya farasi 40 ya aina hiyo ni karibu kilo 70 au zaidi. Zile zenye oili ndani huwa nzito zaidi kwa nguvu ile ile. Uzito huo wote unaning'inia nyuma kabisa, kwenye ubao wa tezi. Ubao uliojengwa kwa ajili ya mashine ndogo hufunguka taratibu, misumari ikalegea, na tezi ikakaa chini kiasi kwamba wimbi linalofuata nyuma linaingia ndani. Boti nyingi za kiwandani zina kibati kinachoonyesha nguvu ya juu inayoruhusiwa na idadi ya watu. Kibati hicho kiheshimiwe. Chombo cha mbao hakina kibati, kwa hiyo fundi aliyekijenga aulizwe kabla ya pesa kutoka, na ubao uimarishwe kwanza.

Urefu wa mguu wa mashine nao husahaulika. Mguu mfupi hutengenezwa kwa ubao wa tezi wa inchi 15 hivi, mrefu kwa inchi 20. Mashine ya mguu mfupi kwenye tezi ndefu inavuta hewa kila wimbi likipita chini, propela inazunguka bure na mashine inalia bila kusukuma. Mguu mrefu kwenye tezi fupi unazama mno, unaburuta maji, na unagonga matumbawe mapema. Sahani bapa iliyo juu ya propela inapaswa kuwa karibu sawa na chini ya tumbo la boti. Watu wamebadilisha mashine nzima wakidhani haina nguvu, kumbe ilikuwa imefungwa juu mno.

Na propela. Mashine mbili za nguvu sawa zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa kwa sababu ya propela. Mikunjo iliyolala hufaa kusukuma mzigo mzito taratibu, na iliyosimama hufaa mwendo wa kasi wa boti nyepesi. Mashua nzito iliyofungwa propela ya mwendo ni kama matatu inayopandishwa mlima kwa gia ya nne. Kubadilisha propela ni gharama ndogo sana kulinganisha na kubadilisha mashine, na mara nyingine ndiyo dawa ya mtu anayefikiri anahitaji farasi zaidi.

Sasa vijana wa ufuoni, hasa wa Diani, ambao wengi wenu mmekuja na swali la jeti-ski. Swali ni lile lile lakini majibu yanabadilika, kwa sababu anayeendesha hapa ni mgeni ambaye huenda hajawahi kugusa usukani wa majini.

Jeti-ski haina propela inayoning'inia nje. Pampu iliyo ndani hufyonza maji chini ya tumbo na kuyatupa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, na mdomo huo ndio unaogeuzwa na usukani. Mwendeshaji akiona hatari mbele na kuachia mafuta kwa hofu, maji hayatupwi tena na usukani haugeuzi kitu. Chombo kinaendelea moja kwa moja. Nyingi za kisasa zina mifumo ya kupunguza tatizo hilo, lakini haiondoi tabia yenyewe. Mgeni anafanya hasa kile ambacho akili ya kawaida inamwambia, na anakwenda kumgonga aliye mbele. Kadiri alivyokuwa na mwendo mkubwa, ndivyo anavyoteleza mbali zaidi.

Sokoni, nguvu zinatofautiana mno. Sea-Doo Spark, kwa mfano, huuzwa kwa farasi 60 na kwa farasi 90, na injini ni ile ile ya silinda tatu na ujazo wa karibu cc 900. Kwenye ncha nyingine ziko zenye farasi 300, injini ya cc 1,630 ikisaidiwa na supachaja. Mtu angetarajia ya 300 iwe na mwendo mara tatu ya ile ya 90. Haiwi hivyo. Ya 90 inafika karibu kilomita 80 kwa saa, na ya 300 huishia karibu kilomita 108, kwa kuwa maji hudai nguvu nyingi mno kwa kila hatua ndogo ya mwendo. Kinachonunuliwa kwa farasi 200 za ziada ni ule mruko wa kuondoka, yaani jambo lile lile linalomwangusha mgeni nyuma katika sekunde ya kwanza.

Kwa biashara ya kukodisha, hesabu haina utata. Mkodishaji analipwa kwa dakika, na mteja wa robo saa halipi zaidi kwa sababu kuna supachaja chini ya kiti. Lakini petroli, matengenezo na vipuri vinapanda. Jeti-ski ndogo ina uzito wa chini ya kilo 200, na vijana wachache wanaweza kuisukuma mchangani kwa toroli. Kubwa huzidi kilo 300, na kila jioni inahitaji gari la kuivuta. Kikundi kinachoanza kwa mkopo kinafanya vyema kununua ya farasi 60 au 90, na ikiwezekana mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiwa kwa fundi nyingine ipate riziki. Ya nguvu ya wastani, kati ya farasi 100 na 170, ina nafasi yake kwa anayebeba watu watatu au kumvuta mtu kwenye boya, na mwendeshaji akawa ni mwanakikundi mwenyewe. Ya 300 ibaki kwa tajiri anayejiendeshea mwenyewe, na hata yeye mbali na wanaoogelea.

Kwa nguvu yoyote, kamba ya kuzima mashine ifungwe mkononi au kwenye jaketi ya mwendeshaji kabla chombo hakijawashwa. Kamba hiyo inahusu na nahodha wa mashine ya nyuma. Akianguka majini peke yake na mashine ikaendelea, boti huzunguka na kumrudia. Mashine zenye nguvu kubwa zaidi hugeuka kwa ghafla zaidi usukani ukiachiwa, na huko ndiko kunakomwangusha mtu.

Kuhusu kununua iliyotumika, jihadhari na kifuniko. Mashine za baadhi ya watengenezaji za farasi 9.9 na 15 hutumia injini ya ujazo mmoja, na tofauti iko kwenye kabureta na vifaa vidogo. Kifuniko cha 15 kinaweza kuvalishwa mashine ya 9.9 na mnunuzi asijue hadi siku ya kusi. Namba ya mashine iliyopigwa kwenye kibati cha mwili ndiyo ya kusoma, si stika. Silinda zipimwe mgandamizo na fundi, na zote ziwe karibu sawa. Oili ya gia ifunguliwe kidogo itazamwe, maana ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mkondo wa maji unaotoka kando ya mashine uwe imara. Mashine iliyovuliwa bahari ya chumvi bila kusuuzwa kwa maji baridi imeziba ndani, na itapata moto hata kama namba yake ni nzuri kiasi gani.

Ipo pia hoja ya vipuri. Nguvu na aina iliyozoeleka ufuoni kwako, hata kama si ile iliyo bora kwenye karatasi, ina plagi, impela na propela kwenye duka la karibu, na ina fundi aliyeifungua mara mia. Mashine ya ajabu inayongoja kipuri kutoka ng'ambo kwa wiki sita haina nguvu ya farasi hata mmoja.

Vikundi vinavyonunua kwa pamoja viandike kwenye kumbukumbu za mkutano chombo gani, uzito gani wa kurudi, safari ya umbali gani, na kwa nini namba hiyo ilichaguliwa. Maafisa wa uvuvi wa kaunti na BMU wanaweza kusaidia kufanya hesabu hiyo. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayokagua usalama wa vyombo vidogo na kuvipa leseni, kwa hiyo anayebadilisha mashine ndogo kwa kubwa afadhali amwonyeshe mkaguzi ubao wa tezi kabla ya kubeba abiria.

Kisha boti ijaribiwe majini kabla ya malipo ya mwisho. Ijazwe mzigo halisi, hata kwa mifuko ya mchanga, na watu wake wote wakiwa na jaketi za kuokolea. Iendeshwe nusu saa dhidi ya upepo, mkono wa mafuta ukiwa robo tatu, na petroli ipimwe kabla na baada. Ifunguliwe yote kwa dakika chache, na fundi apime mizunguko ya mashine kwa dakika alinganishe na kijitabu chake. Ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa, propela ni nzito kwa chombo hicho au chombo ni kizito kwa mashine hiyo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo aachiwe mashine yake, hata kama amepunguza bei mara mbili na chai ameshaagiza.